Roketi za Makampuni na Ardhi ya Watu

Kila mwaka unapofika mwisho, makampuni makubwa ya Marekani huutangazia ulimwengu hesabu ya kazi yao. Katika miaka hii ya karibuni hapana hesabu iliyosomwa kwa mshangao zaidi kuliko ya kampuni ya roketi iitwayo SpaceX, iliyoanzishwa mwaka 2002 na tajiri Elon Musk. Mwaka 2023 roketi zake za aina ya Falcon ziliruka mara 96. Mwaka 2024 zikaruka zaidi ya mara 130, yaani roketi moja karibu kila siku ya tatu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kampuni ilirusha chombo chake kikubwa kupita vyote, Starship. Na sehemu ya chini ya chombo hicho, ambayo kwa desturi ya zamani ingalitupwa baharini, ikarudi kwa nguvu ya moto wake yenyewe ikadakwa na mikono ya chuma ya mnara ule ule ilikotoka. Ama kuhusu shabaha ya siku zijazo, Bwana Musk hafichi: ataka kuwapeleka watu katika sayari ya Mirihi na kujenga mji huko.

Sisi hatuna haja ya kuibeza kazi hii. Mfanyakazi wa bandari ya Tanga aielewa thamani yake pengine kuliko wasomi wengi. Kama kila meli ingalizamishwa baada ya safari moja, ni nani angaliweza kulipa nauli ya robota moja la mkonge? Lakini hivyo ndivyo roketi zilivyokuwa zikitumiwa miaka mingi, mpaka Desemba 2015, kampuni hiyo ilipofaulu kwa mara ya kwanza kuirudisha ardhini, ikisimama wima, roketi iliyokuwa imetoka kupeleka mzigo angani. Tangu hapo gharama ya safari za angani imeshuka, na biashara yake imefurika.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo hesabu hizo za mwaka hazilitaji, na ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Roketi huruka kutoka ardhini, na ardhi hiyo ina wenyewe. Kampuni ya roketi ihitajiyo nafasi kubwa, bahari tupu na jua la Ikweta lazima siku moja ibishe hodi kwa watu kama sisi. Wala tusidhani kwamba hiyo ni ndoto. Hodi imekwisha kupigwa, tena si mbali. Kampuni inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kutaka kupeleka setilaiti angani kwa biashara ya watu binafsi haikurushia roketi zake Marekani. Ilizirushia Afrika, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, miaka karibu 50 iliyopita.

Kampuni hiyo iliitwa OTRAG. Ilianzishwa Ujerumani Magharibi mwaka 1975 na mhandisi Lutz Kayser wa Stuttgart. Mwenyekiti wa baraza lake alikuwa Kurt Debus, mtu ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya makombora ya V-2 ya Hitler huko Peenemünde, kisha akachukuliwa na Wamarekani akawa mkuu wa kwanza wa Kituo cha Kennedy, ambako mwaka 1969 watu waliondoka kwenda mwezini. Fedha za OTRAG zilitoka kwa wenye mali wa Kijerumani, ambao sheria ya nchi yao iliwapa nafuu ya kodi kwa kuweka mali zao katika kazi kama hiyo. Kwa hiyo roketi zilizorushwa katika pori la Afrika zilikuwa pia njia ya matajiri wa Ulaya kukwepa kuchangia hazina ya nchi yao. Hilo twalitaja kwa kupita tu.

Ufundi wa Kayser ulikuwa wa kuvutia, na fundi yeyote wa gereji ataupenda. Aliona kwamba roketi za serikali kubwa zilikuwa ghali kwa sababu kila sehemu ilitengenezwa peke yake kwa mikono ya mabingwa. Yeye akaunda bomba jembamba, upana wake sentimeta 27, nalo likitiwa mafuta lilikuwa roketi ndogo kamili. Mabomba kadhaa yakifungwa pamoja kama tita la kuni, yalikuwa roketi kubwa. Mzigo ukizidi, waongeza mabomba. Hakutaka pampu za thamani. Theluthi moja ya bomba ilijazwa hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ndiyo iliyosukuma mafuta na asidi kwenda kwenye moto. Hata milango midogo ya kupitishia mafuta aliiendesha kwa mota za aina ile ile ipangusayo kioo cha mbele cha motokaa siku ya mvua. Hapana shaka mtu huyu alikuwa na akili ya kazi, na wako wahandisi wa leo wanaokiri kwamba fikira yake ya kuunda vipande vingi vya namna moja kwa bei nafuu ilitangulia wakati wake.

Kilichomkosesha ni mahali. Ujerumani Magharibi ilikuwa nchi finyu yenye watu wengi, nayo ilikuwa imefungwa na mikataba iliyofuata vita. Ndipo Kayser akamwendea Rais Mobutu wa Zaire, na mwezi Machi 1976 mkataba ukatiwa sahihi.

Mkataba huo watustahilia kusomwa polepole. OTRAG ilipewa eneo la kilometa 100,000 za mraba katika jimbo la Shaba, ambalo baadaye liliitwa tena Katanga. Mtu wa Tanga apate kipimo: eneo hilo ni karibu mara nne ya Mkoa wetu mzima, tangu mpaka wa Kenya hadi mbuga za Handeni na Kilindi, pamoja na milima yote ya Usambara. Lilitolewa mpaka mwaka 2000. Kwa mujibu wa maneno ya mkataba yaliyochapishwa magazetini mwaka 1977, kampuni ilipata haki ya kulishika eneo hilo na kulitumia bila kizuizi kwa kurushia roketi, pamoja na kufanya lolote ambalo yenyewe iliona lahusiana na kazi hiyo. Na Serikali ya Zaire ikajifunga kuwaweka watu mbali na sehemu ambazo kampuni ingetaka ziwe tupu. Tazameni maneno hayo, ndugu: lolote ambalo kampuni yenyewe iliona. Mwenye nchi alijivua haki ya kuamua, akamkabidhi mpangaji.

Mjerumani mwenye karatasi ya namna hii si mgeni kwetu. Mwezi Novemba 1884 Karl Peters na wenzake, ambao walikuwa wamesafiri mpaka Unguja kwa majina ya bandia, walivuka wakashuka Saadani, katika pwani yetu hii hii ya kaskazini, wakaingia bara kupitia Uzigua na Nguru mpaka Usagara. Walichukua bendera, zawadi na karatasi. Huko Msovero wakamfanya Mangungo atie alama yake juu ya maandishi ya Kijerumani ambayo hakuweza kuyasoma. Na Peters alipofika Berlin alieleza kwamba nchi ya Usagara, na nyingine kadhaa, zimetolewa kwa chama chake milele. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya kulinda mali hiyo. Waliotia sahihi hawakuwa Serikali ya Ujerumani. Ilikuwa kampuni ya watu binafsi, yenye wenye hisa, yenye hesabu ya mwaka na shabaha za siku zijazo.

Watu wa pwani waliionja kampuni hiyo miaka mitatu baadaye. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha mwambao wote, tangu Mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50, ili itawale na kukusanya ushuru kwa jina lake. Agosti ilipofika, wajumbe wa kampuni walitua Pangani na katika miji mingine, wakapandisha bendera yao na kuwaamuru watu kama watumwa. Pangani haikuvumilia. Abushiri bin Salim aliongoza vita, na Bwana Heri akasimama Saadani na nchi ya Uzigua. Kampuni, ambayo katika vitabu vyake ilikuwa tajiri na hodari, haikuweza kuzuia hata mji mmoja au miwili bila manowari. Ikabidi Serikali ya Ujerumani ilete askari wa kukodiwa chini ya Wissmann, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka 1891 Serikali ikachukua utawala wote mikononi mwa kampuni. Hasara ikawa ya walipa kodi wa Kijerumani na ya maiti za pwani. Nayo kampuni ikabaki na mashamba.

Baadhi ya wasomaji watasema twachanganya mambo, kwa kuwa Kayser hakuja kutawala mtu. Twakubali. Tofauti ni kubwa, na hatutaki kumsingizia marehemu. Wakati ule yalisemwa mengi juu ya OTRAG: kwamba Ujerumani Magharibi ilikuwa ikijaribu kwa siri makombora ya vita, kwamba majeshi ya Magharibi yalikuwa yakitafuta kituo katikati ya Afrika. Umoja wa Kisovieti ulilipigia kelele jambo hilo, na Angola, jirani wa Zaire, ikalalamika. Kayser alikanusha siku zote, wala mashtaka hayo ya makombora ya vita hayakupata kuthibitishwa. Lakini kwa maoni yetu kelele hizo zilificha kosa lililokuwa wazi mchana kweupe. Hata kama kila roketi ya OTRAG ilikuwa ya amani kama jembe, mkataba ulikuwa mbaya. Nchi iliyoutia sahihi haikuwa na uwezo wa kukagua, na ikajiandikia kwamba haina haki ya kukagua. Basi jirani yake angejuaje kilichomo ndani ya bomba?

Na sasa tutazame hesabu ya kazi yao, mwaka kwa mwaka. Kambi ilijengwa juu ya uwanda mrefu unaosimama kando ya bonde la Mto Luvua. Kiwanja cha ndege kikasawazishwa, na kampuni ikawa na ndege zake za kubebea mizigo kutoka Ulaya. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, nayo iliruka vizuri. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Siku hizo hizo Shaba ilikuwa ikiwaka moto: waasi walikuwa wamekwisha kuingia Kolwezi, na askari wa Kifaransa walikuwa wameshuka huko kwa miavuli siku moja kabla. Mobutu, ambaye hakuweza kuulinda mji wa migodi ya shaba bila kuita majeshi ya kigeni, alikuwa mwenyeji wa roketi. Tarehe 5 Juni alikuja mwenyewe kuitazama ya tatu. Roketi ikapanda kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni mbele ya macho ya Rais na wageni wake.

Mwezi Aprili 1979, kwa kubanwa na mataifa makubwa na majirani, Mobutu aliiamuru kampuni ifunge kazi. Mkataba uliokuwa udumu mpaka mwaka 2000 ulikwisha kwa neno la mtu mmoja, kama ulivyoanza. OTRAG ikahamia Libya, ikarusha roketi huko jangwani mwaka 1981, kisha vyombo vyake vikazuiliwa na Serikali ya huko. Ya mwisho iliruka Kiruna, nchini Sweden, Septemba 1983. Katika maisha yake yote kampuni hiyo haikuweka angani hata setilaiti moja. Kayser alifariki mwaka 2017 katika Visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Na ni katika visiwa hivyo hivyo ambako SpaceX, baada ya kushindwa mara tatu, ilifaulu Septemba 2008 kupeleka roketi yake ya kwanza katika njia ya kuzunguka dunia.

Ni nini kinachowavuta watu hawa kuja pande zetu? Jibu ni la hesabu ya shule. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama juu ya Ikweta huchukuliwa nayo kwa mwendo wa kilometa 1,670 kwa saa. Hapa Tanga, digrii tano kusini, upungufu ni mdogo sana. Ujerumani mwendo huo hupungua kufika kama kilometa 1,070. Roketi ielekezwayo mashariki kutoka Ikweta hupewa msukumo huo bure kabla haijachoma tone la mafuta. Tena yafaa mbele yake iwepo bahari, ili sehemu zinazodondoka zisiangukie vichwa vya watu. Ikweta na bahari ya mashariki: hiyo ndiyo pwani ya Waswahili. Mbele ya mji wa Tanga imelala Pemba, na mbele ya Saadani imelala Unguja, kwa hiyo mhandisi mwenye akili atatafuta kaskazini zaidi, upande wa Moa na Jasini, au atakwenda Kenya.

Kenya wamekwisha kwenda. Katika ghuba ya Ngwana, kaskazini ya mji wa Malindi, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma katikati ya maji, na kati ya mwaka 1967 na 1988 zikarushwa kutoka hapo setilaiti tisa. Moja, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina ambalo wasomaji wetu hawahitaji kufasiriwa: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, na wataalamu duniani wanaitaja kwa jina hilo la Kiswahili mpaka leo. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya chuo kikuu cha Roma na serikali tatu, si ya wenye hisa, na hilo lafaa likumbukwe na wale wanaodai kwamba anga hufunguliwa na mabepari peke yao.

Twende sasa Texas, mahali paitwapo Boca Chica, ambako SpaceX imejenga kituo cha Starship. Palikuwapo kijiji kidogo cha watu, wengi wao wazee waliopumzika kazi. Kampuni ikazinunua nyumba zao moja baada ya nyingine. Tarehe 20 Aprili 2023 Starship ya kwanza iliporuka, moto wake ulibomoa zege chini ya mnara, na vipande na vumbi vikatawanyika mbali. Na tarehe 3 Mei 2025 wakazi waliosalia, karibu wote wakiwa wafanyakazi wa kampuni, walipiga kura 212 dhidi ya 6 kuligeuza eneo hilo kuwa mji kamili wenye mamlaka yake. Mji waitwa Starbase. Tajiri ndiye mwajiri, ndiye mwenye nyumba, na sasa watu wake ndio baraza la mji.

Wazee wa mkonge waliopo Muheza na Korogwe hawatauliza hiyo ni mambo gani. Waliishi katika kambi za mashamba ambako nyumba ilikuwa ya bwana shamba, duka lilikuwa la bwana shamba, na kipande chenye siku 30 ndicho kilichoamua manamba ale nini. Mfanyakazi wa Starbase hulipwa vizuri sana, hatuwezi kumlinganisha na manamba kwa mshahara. Twamlinganisha kwa jambo moja tu: akigombana na mwajiri wake, aende kushtaki katika baraza la nani?

Hodi ya karibuni imepigwa Djibouti. Januari 2023 Serikali ya huko ilitia sahihi makubaliano ya awali na kampuni moja ya Hong Kong ya kujenga kituo cha roketi huko Obock, kwa gharama ya dola bilioni moja. Serikali ikaahidi ardhi isiyopungua kilometa 10 za mraba kwa muda usiopungua miaka 35, kisha kituo kiwe mali ya nchi. Ni bora mara elfu kuliko mkataba wa Mobutu. Eneo lina kipimo na mwisho una tarehe.

Kama hodi hiyo ingepigwa katika wilaya yetu ya Mkinga, sheria yasemaje? Kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mgeni hamilikishwi, hupewa haki ya kuitumia kwa muda, kwa ajili ya uwekezaji. Hapo tumewapita Mangungo na Mobutu. Lakini zipo tarakimu ambazo kila mwana Chama na kila mjumbe wa serikali ya kijiji afaa azijue kwa moyo. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo yake tu, na uamuzi ni wa Waziri. Kituo kama cha Obock ni hekta 1,000. Maana yake, mradi ukiwa mdogo wanakijiji wana kura. Ukiwa mkubwa wana maoni. Sisi twaona mpango huo umepinduliwa miguu juu. Kama kuna wakati ambapo mwananchi ahitaji kura, ni pale ardhi inayotakiwa inapokuwa kubwa.

Tanga ina mazoea ya miradi mikubwa. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, kilometa 1,443 mpaka Chongoleani, na watu wetu wamekwisha kujifunza maneno kama tathmini, fidia na mpisho. Mafunzo hayo ni mtaji. Lakini roketi ina madai ambayo bomba halina. Bomba hulala mahali pake. Roketi, siku ya kuruka, hufunga anga na hufunga bahari, kilometa nyingi mbele yake, na ikiahirishwa kwa sababu ya upepo au kifaa kibovu hufunga tena kesho na keshokutwa. Kampuni inayoruka mara 130 kwa mwaka haijui bahari ya msimu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza roketi yapanda juu kiasi gani, mkataba wowote wa namna hiyo usomwe kwa Kiswahili, wote, katika mkutano wa kijiji, na ukurasa wa kwanza kusomwa uwe ule unaotaja siku za kufunga bahari. Mvuvi wa Moa anayetoka na ngalawa yake usiku wa giza hana shajara ya kampuni. Aelezwe ni siku ngapi katika mwezi hataruhusiwa kutega, ni nani atakayemlipa siku hizo, kwa kiasi gani, na alipwe kabla ya roketi kuondoka au baada yake.